Wazazi, tuache kuuliza ratiba ya chakula shuleni. Tuulize kilo za maharage

MamaWawili_Kivule:

Habari za jioni wanajamvi.

Kila kikao cha wazazi huwa kinafika mahali palepale. Mzazi mmoja anasimama, analalamika kwamba mtoto anarudi nyumbani na njaa utadhani hakula. Uongozi wa shule unajibu kwa upole na kuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali dagaa, Jumatano makande, Alhamisi ugali maharage na mboga za majani, Ijumaa wali nyama na tunda. Tunaisoma, tunaridhika, tunahamia kwenye ajenda ya sare na safari ya Bagamoyo.

Ile karatasi inataja majina ya vyakula, haitaji kiasi. Juzi nilipita jikoni kwa heshima zote, nikamuuliza mama mpishi: kwa siku ya maharage unapewa kilo ngapi? Akanijibu bila kuficha: tano. Shule ina watoto kama 350. Gawanyeni wenyewe. Haifiki gramu 15 za maharage makavu kwa mtoto, yaani punje thelathini hivi. Zinazobaki kwenye sahani ni maji, chumvi na rangi ya nyanya.

Sasa kiasi kinachofaa ni kipi? Kuna mgawo ambao Shirika la Chakula Duniani (WFP) na serikali ya Kenya waliutumia kwa miaka mingi kwenye mlo wa mchana shuleni: nafaka gramu 150, mikunde gramu 40, mafuta gramu 5, na chumvi kidogo. Si mlo wa kifahari, ni wa kumfikisha mtoto jioni, na unampa kalori kama 700. Kwa watoto 350, gramu 40 ni kilo 14. Shuleni kwetu zinaingia tano.

Nikapiga hesabu ya pesa kwa bei za duka la mtaani kwangu, wala si za jumla. Unga 1,500 kwa kilo, kwa hiyo gramu 150 ni shilingi 225. Maharage 3,000 kwa kilo, gramu 40 ni 120. Mafuta kijiko kimoja cha chai, shilingi 30. Ongeza kitunguu, nyanya, chumvi na fungu la mchicha, hujafika 600. Mimi nalipia chakula 1,800 kwa siku kwa kila mtoto. Najua kuna mshahara wa mpishi, gesi, maji, sabuni, na kuna wazazi wanaolipa kwa kuchelewa. Lakini tofauti ya kilo 5 na kilo 14 za maharage ni shilingi 77 kwa mtoto. Sabini na saba! Hapo sijui tunabana nini.

Shule siitaji, na naomba msinibane inbox. Nataka tujadili jinsi ya kuuliza.

Mshua_wa_Zamani:

Kizazi cha mayai hiki. Sisi tulikula kande zenye wadudu shule ya msingi, bweni tukala ugali wa njano na maharage unayahesabu kwa kidole. Leo tuna digrii na vitambi. Watoto wenu mkishawapa soseji asubuhi mnategemea wale nini mchana?

MamaWawili_Kivule:

Mshua shikamoo. Wewe una digrii. Na wale wenzako waliokuwa wanasinzia kipindi cha hesabu baada ya saa nne, wakafeli darasa la saba wakarudi kuchunga, wako humu jamvini wakutolee ushuhuda?

Mshua_wa_Zamani:

Marahaba. Hapo umenipiga chini ya mkanda lakini endelea.

Mwalimu_Chaki:

Niongee kwa upande wa shule za serikali za kutwa, maana bandiko limeelemea shule za kulipia.

Huku kwetu swali la kilo tungelipenda, ila sisi bado tuko kwenye swali la kama chakula kipo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada na michango ya lazima viliondolewa. Wanafunzi wa sekondari wa bweni walipangiwa shilingi 1,500 kwa siku kutoka serikalini, na hiyo ni milo yote, si mchana peke yake. Shule za kutwa hazikuwekewa fungu la chakula, chakula kikabaki ni jukumu la mzazi. Wazazi wengi walisikia neno "bure" wakafunga madebe yao. Kabla ya hapo kila mzazi kijijini alikuwa akileta debe la mahindi na pishi la maharage baada ya mavuno bila kelele.

Mwaka 2020 ukatoka mwongozo wa taifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Mwongozo ni mzuri, unasema wanafunzi wale shuleni, unaeleza nafasi ya wazazi, kamati ya shule, halmashauri. Sasa mgawo wa kazi ukishafika kijijini unakuwa hivi: mtendaji anahimiza, mwalimu mkuu anaitisha kikao, wazazi wanakubaliana kwa kunyoosha mikono, halafu wanaoleta mahindi ni nusu.

Hapo ndipo kinapokuja kitu ambacho kinaniumiza kuliko maharage membamba. Saa saba kengele inalia, watoto waliochangiwa wanapanga foleni na sahani zao, wasiochangiwa wanaambiwa wakacheze upande wa pili. Mtoto wa darasa la pili hajui mkutano wa kijiji ulikubaliana nini. Anajua harufu tu. Kuna shule zinawapikia wote na kumfuatilia mzazi kwa njia nyingine, nazipongeza. Kuna zinazogawa kwa orodha. Nimefundisha kote kuwili. Ile ya orodha mahudhurio ya mchana yanaporomoka, kwa sababu aliyekosa harudi darasani. Anapita porini kutafuta matunda, anaunga nyumbani.

Nyanda_za_Juu:

Mwalimu umesema kweli. Mimi niko Iringa, mkoa wa mahindi, viazi, maziwa, parachichi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa. Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni asilimia 30. Yaani maghala ya nchi ndiyo yanaongoza kwa udumavu!

Huku mtoto anashiba, tena sana. Anashiba ugali. Asubuhi uji wa mahindi mweupe, mchana ugali na majani kidogo, jioni ugali. Maziwa yanaenda kwa mnunuzi, mayai gulioni, parachichi linapanda lori. Kwa hiyo naunga mkono hoja ya maharage ila nasema hata tukipata kilo 14, sahani ikibaki ya rangi mbili mwaka mzima tatizo halijaisha.

Afisa_Lishe_Fulani:

Wanajamvi, niko halmashauri moja nafanya kazi hii, naongea kama mimi na si kwa niaba ya mwajiri. Niweke mambo machache sawa.

Takwimu za Nyanda ni sahihi, lakini ni za watoto wa chini ya miaka mitano. Udumavu kwa sehemu kubwa unajengwa tangu ujauzito mpaka mtoto anapofikisha miaka miwili. Chakula cha shule ya msingi hakiwezi kurudisha urefu uliopotea huko, na mtu asije akawaahidi hivyo kwenye mkutano. Kinachowezekana shuleni ni kingine, nacho si kidogo: mtoto kuhudhuria, kuwa macho, kupunguza upungufu wa damu, na kwa mabinti wanaokaribia kuvunja ungo ni maandalizi ya mwili wa mama wa kesho.

Kuhusu upungufu wa damu, wengi mnadhani dawa ni nyama tu. Nyama ni nzuri, lakini maharage yana madini ya chuma pia. Shida ni kwamba chuma cha kwenye maharage na nafaka mwili unakipata kwa taabu. Kinasaidiwa na vitamini C na kinazuiwa na chai. Nimeona shule zinazogawa maharage pamoja na kikombe cha chai ya rangi, tena kwa nia njema ili mtoto ashushie. Ondoeni chai hapo, iwekeni saa nne peke yake au wekeni maji. Badala yake mpeni kipande cha chungwa, embe, papai au pera, hata nyanya mbichi na kabichi kwenye kachumbari. Huku kati, ubuyu wa unga ni utajiri wa vitamini C unaookotwa chini ya mti. Nasema ubuyu wa unga, si ule mwekundu wa kwenye vipakiti.

Wenye uwezo wa kuchagua mbegu waulizie maharage lishe, yale yaliyozalishwa kuwa na chuma na zinki nyingi. Wakulima wa kaskazini na Mbeya wanayo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa navyo vinatoa vitamini A, vinaota hata kwenye bustani ya shule, na watoto wanavipenda kuliko mlenda, tukubali.

Dagaa. Naona Mama Wawili ametaja Jumanne ugali dagaa. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata samaki mzima: protini, kalsiamu, chuma. Shule ikishindwa nyama ya Ijumaa, ambayo mara nyingi ni mchuzi uliopitiwa na nyama kwa mbali, afadhali inunue dagaa safi. Hata gramu 10 zilizosagwa na kuchanganywa kwenye mboga zina maana. Waoshwe vizuri, mchanga ndio unaowafukuza watoto.

Halafu dona. Jamvini humu kila mtu ni mtetezi wa dona, na ni kweli sembe inaondolewa pumba na kiini, vitamini za kundi B na madini mengi yanabaki kwa mwenye mashine. Ila sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, nayo inakaa zaidi kwenye sehemu hizohizo za nje. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuanikwa chini, au kulundikwa kwenye stoo inayovuja, ukiyasaga dona unawalisha watoto sumu yote. Kupika hakuiui. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hofu hiyohiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, huwezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo kabla ya kubishana dona na sembe, mzazi aingie stoo. Magunia yako juu ya mbao au yamelala kwenye sakafu? Mahindi yanachambuliwa, yaliyooza na yenye ukungu yanatupwa, au yanapelekwa mashineni na wenzake? Stoo ikiwa mbovu, nunueni unga wa kiwandani uliowekwa virutubishi. Afadhali hivyo.

Mshua_wa_Zamani:

Afisa, sasa hizo za kwetu zenye wadudu zilikuwa na sumukuvu?

Afisa_Lishe_Fulani:

Mdudu na ukungu ni vitu viwili tofauti. Ila mdudu anatoboa punje, na tundu linakaribisha ukungu. Tuishie hapo, uendelee kufurahia kitambi.

Mpishi_Mstaafu:

Watoto wangu hamjambo. Nimepikia shule tangu vijana wengine humu hamjazaliwa, sasa nimepumzika. Mnaongea mambo ya stoo bila kumsikiliza mwenye upawa.

Mpishi hapangi kilo. Mpishi anapimiwa. Saa kumi na moja alfajiri mwalimu wa stoo anafungua, anapima au anakadiria kwa ndoo, unasaini. Ukiambiwa leo ni kilo tano na watoto ni wale wale, unafanya nini? Unaongeza maji, unaongeza nyanya ya kopo ili rangi ikae vizuri, na unaweka unga kidogo mchuzi uwe mzito. Mzazi akipita akiangalia sufuria anaona limejaa.

Na si yote yanayoingia sufuriani yanafika kwa mtoto. Kwanza chakula cha walimu, kinatolewa juu, kizito. Kisha mlinzi, dereva, mgeni wa siku hiyo kutoka wilayani. Wanaobaki mwisho kwenye foleni, na mara nyingi ni wale wadogo wa chekechea au ni wa madarasa ya mwisho, wanapata maji ya chini. Mimi nilikuwa nachota kwa kuanzia chini ya sufuria na upawa wa shimo kwanza, natoa maharage yenyewe, halafu mchuzi. Wapishi wengi hawafanyi hivyo maana wanachelewa, wako wawili kwa watoto mia nne.

Magadi. Maharage magumu na kuni hazitoshi, mpishi anatia magadi. Yanalainika haraka kweli, lakini yanaharibu vitamini na ladha, na watoto wanalalamika tumbo. Dawa yake ni kuloweka usiku. Maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema, kuni au gesi inapungua, na yale maji ya kwanza unamwaga tumbo halijai gesi. Kwa nini hayalowekwi? Kwa sababu stoo inafunguliwa alfajiri! Mwenye ufunguo kaondoka saa tisa jana. Nimelisema hili kwa wakuu wa shule wawili, wote wakacheka, mmoja tu ndiye aliyebadilisha.

Tena sasa kuna agizo la kuacha kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja, lilianza kubana Januari 2024. Mimi nalipenda, macho yangu haya yameliwa na moshi. Ila shule zimehamia gesi bila kubadilisha masufuria wala kuloweka, matokeo gesi inaisha katikati ya wiki, na kinachopunguzwa ili kufidia ni maharage kwa sababu ndiyo yanayochelewa kuiva. Makande yamekufa kwenye shule nyingi kwa sababu hiyo. Siku hizi wali, wali, wali. Wali unaiva haraka.

MamaWawili_Kivule:

Shikamoo mama. Hilo la ufunguo wa stoo sikuwahi kulifikiria. Nimeliandika.

Dishi254:

Hamjambo majirani. Mimi niko Nairobi, nawapa ya huku kidogo.

Mgawo aliotaja mwenye uzi ndio wa githeri, makande yenu, tuliokula. Serikali yetu ilianza mpango wake wa kununua chakula cha shule kutoka kwa wakulima wa hapa mwaka 2009, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imekabidhi kila kitu. Ulikuwa ukilenga sana maeneo makame, na fedha zikichelewa kutoka hazina, watoto wanakaa hata wiki nzima bila kitu. Kwa hivyo msidhani tumefika.

Lakini hapa jijini tangu 2023 kuna Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shule. Chakula hakipikwi shuleni. Kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, kinasambazwa na magari kikiwa moto. Mzazi analipa shilingi tano za Kenya, nyingine zinalipwa na kaunti na shirika la Food4Education. Mtoto anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Mzazi ameweka pesa kwa M-Pesa. Nilichokipenda ni kwamba mwalimu hagusi pesa wala ufunguo wa stoo, na hakuna mtoto anayejua nani amelipiwa na nani. Mwalimu Chaki hapo juu amenigusa na hao watoto wanaoambiwa wakacheze.

Ubaya wake? Menyu inajirudia. Wali na ndengu, wali na maharagwe. Wangu alichoka akaanza kupatia rafiki. Na inafaa mji, kwa sababu shule ziko karibu karibu. Kule Turkana huwezi kubeba chakula moto kilomita sitini.

Kigali_Kwetu:

Rwanda tangu 2021 wanafunzi wote wa msingi mpaka sekondari za kutwa wamo kwenye mpango. Mzazi wa shule ya msingi anachangia faranga 975 kwa muhula, sehemu kubwa inabebwa na serikali. Bado kuna wazazi wasiolipa na bado bei za vyakula zinasumbua wakuu wa shule. Ila suala la mtoto kula au kutokula halijadiliwi tena kwenye kikao, linalojadiliwa ni ubora.

Binti_Kilwa:

Mbona mnazunguka geti? Mtoto wangu chakula cha shule anakiacha kwa makusudi. Nampa shilingi mia tano, anakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, barafu ya rangi, vipakiti vya ubuyu na juisi ya unga. Halafu anarudi nyumbani anasema shule hawashibishi. Kabla ya kumlaumu mpishi tuanzie kwenye hizo mia tano.

Mwalimu_Chaki:

Kweli tupu. Ila usimfukuze mama muuza mihogo. Mihogo ya kuchemsha, karanga, mahindi ya kuchoma, ndizi, hivyo vyote anaweza kuuza. Shule yangu tulikaa na wauzaji, tukakubaliana juisi za unga na vipakiti visiingie, wakaleta miwa na machungwa yaliyomenywa. Waliendelea kupata riziki. Kilichotushinda ni duka la ng'ambo ya barabara.

Mwenye_Shule:

Nimesoma kimya mpaka hapa. Namiliki shule ndogo, si hiyo ya mwenye uzi, japo anavyoielezea kila mmiliki anajiona.

Niwaeleze shilingi 1,800 inakwenda wapi. Ndani yake kuna chai ya saa nne na andazi, mlo wa mchana, wapishi wawili, gesi, maji ya gari maana bomba halitoki, sabuni, sahani zinazopotea. Hiyo ni kama wote wangelipa. Muhula ukianza wanaolipa chakula kwa wakati hawafiki theluthi mbili, wengine wanamaliza mwezi wa mwisho, wengine hawamalizi. Mimi simfukuzi mtoto kwenye foleni. Kwa hiyo chakula cha walipaji kinagawanywa kwa wote, na kinachopungua ni kile ambacho hakionekani kikipungua. Mama mpishi ameshasema: maharage. Ugali ukipunguza, mtoto anasema siku hiyohiyo. Maharage ukipunguza, mchuzi unafunika.

Nilipotaka kupandisha kwa shilingi 200, grupu la wazazi liliwaka moto siku tatu. Wazazi haohao mahafali ya chekechea walichangia keki na turubai bila kuombwa.

MamaWawili_Kivule:

Mwenye Shule, asante kwa kusema wazi, na hicho ndicho ambacho hakuna mtu anatuambia kwenye kikao. Tukiambiwa "theluthi moja hawajalipa, kwa hiyo kilo 14 zimekuwa 9", tutajua pa kubana. Ungeniambia hivyo hiyo 200 ningeilipa. Ila tunaambiwa chakula ni kizuri, angalia ratiba. Na bado kutoka 9 hadi 5 kuna safari nyingine ambayo madeni ya wazazi hayaielezi.

Swali kwako: ukiombwa ubandike kila Jumatatu karatasi ya pili chini ya ratiba, ina safu tatu tu, watoto waliokula, kilo zilizotoka stoo, na deni la chakula lililobaki kwa jumla bila majina, utakubali?

Mwenye_Shule:

Kilo na idadi ya watoto nitakubali. Deni ukilibandika, wanaolipa nao wataacha. Nawajua wazazi wangu.

Mwalimu_Chaki:

Hapo namuunga mkono. Deni liende kwa kamati.

MamaWawili_Kivule:

Sawa, nimekubali. Deni liende kwa kamati.

Kikao chetu ni Jumamosi. Nimeamua sitasimama kulalamika kwamba mtoto anarudi na njaa, maana jibu lake nalijua. Nitaomba haya: maharage yapimwe kwa mizani na si kwa ndoo, yatolewe stoo jioni ili yalowekwe, mzazi mmoja kwa zamu aje kuonja saa saba bila kutoa taarifa, na achotewe mwisho wa foleni baada ya watoto wote.

Wanaotaka kwenda na hesabu yao wenyewe: idadi ya watoto zidisha kwa 40, gawanya kwa 1,000, hizo ndizo kilo za maharage makavu kwa siku. Watoto 200 ni kilo 8. Watoto 350 ni 14. Watoto 600 ni 24. Siku ya makande hesabu ni ileile, msikubali kuambiwa makande yana mahindi mengi kwa hiyo maharage yapungue. Dagaa wakavu wakiwa ndio kitoweo chenyewe, bila maharage, Afisa atusaidie gramu ngapi?

Afisa_Lishe_Fulani:

Ishirini mpaka thelathini kwa mtoto wa msingi, na mboga za majani pembeni. Ukipata ishirini za dagaa safi usigombane na mtu.

Mpishi_Mstaafu:

Na huyo mzazi wa zamu aje na sahani yake. Za shule hazitoshi.